Rejimenti iliyopigana kabla haijaundwa: Saltville, Oktoba 1864

Ukifungua kumbukumbu za jeshi la Marekani, utasoma kwamba Rejimenti ya 5 ya Askari Weusi wa Farasi iliundwa Camp Nelson, Kentucky, tarehe 24 Oktoba 1864. Ukisoma taarifa za vita za mwezi huohuo, utaikuta rejimenti hiyohiyo ikipanda mlima mbele ya mitutu ya bunduki tarehe 2 Oktoba, siku 22 kabla. Hakuna aliyekosea tarehe. Watu walikuwapo, farasi walikuwapo, bunduki zilikuwapo. Kilichokuwa hakijafika ni karatasi. Kila nikikipitia kisa hiki najikuta nimerudi kwenye siku hizo 22, kwa sababu humo ndimo lilimopotelea jibu la swali ambalo wanahistoria wanaligombania mpaka leo: ni askari wangapi wa kikosi hiki waliouawa Saltville baada ya mapigano kwisha?

Kwanza Kentucky, maana bila Kentucky kisa hakieleweki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, jimbo hilo lilibaki upande wa Kaskazini, yaani wa serikali dhidi ya Kusini iliyoasi, huku likiendelea na utumwa wake kama kawaida. Tangazo la Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liliwaweka huru watumwa wa maeneo yaliyoasi. Kentucky haikuasi, kwa hiyo mtumwa wa Kentucky hakuguswa. Bwana wake alikuwa mtiifu kwa serikali, na utiifu huo ndio uliombakiza mtumwa minyororoni. Watu weusi walipoanza kuandikishwa jeshini humo mwaka 1864, ilitakiwa kwanza bwana aridhie. Sharti hilo likaondolewa mwezi Juni. Basi watu wakawa wanatoroka mashambani usiku na kuelekea Camp Nelson, kambi kubwa ya maghala ya jeshi kusini mwa Lexington. Zaidi ya askari weusi 10,000 walipitia pale. Kwa jumla Kentucky ilitoa zaidi ya 23,000, na ni Louisiana peke yake iliyoipita.

Mwanamume akishaandikishwa alikuwa huru tangu siku hiyo. Mkewe na watoto wake walibaki mali ya bwana. Na bwana, akithibitisha kwamba ni mtiifu, sheria ilimruhusu kudai fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa aliyemtoroka kwenda kuipigania serikali. Haya ni vizuri kuyakumbuka kila tunaposema kwamba askari hawa "walijitolea". Walijitolea kweli, tena kwa gharama ambayo mzungu wa Ohio aliyejiandikisha mwaka huohuo hakuulizwa.

Saltville iko bondeni kusini-magharibi mwa Virginia, kando ya tawi la kaskazini la mto Holston. Chini ya ardhi yake kuna maji ya chumvi, nayo yalivutwa visimani na kuchemshwa katika safu za masufuria ya chuma mpaka chumvi ibaki, kazi ambayo mtu wa Uvinza asingehitaji kuelezwa. Jokofu hakuna siku hizo. Nyama ya nguruwe iliyolilisha jeshi la Kusini isipotiwa chumvi iliharibika, na ngozi za viatu na matandiko ya farasi nazo zilihitaji chumvi. Ndiyo maana mwishoni mwa Septemba 1864 Jenerali Stephen Burbridge alitoka Kentucky na watu wapatao 5,000 kwenda kuyaharibu masufuria hayo. Burbridge mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Kentucky aliyekuwa na watumwa. Katika msafara wake aliwachukua askari weusi 600, wengi wa Rejimenti ya 5 iliyokuwa bado inakusanywa, wakichanganywa na wengine wa Rejimenti ya 6. Aliyewaongoza ni Kanali James Wade wa hiyo ya 6, mtoto wa seneta Benjamin Wade wa Ohio. Kanali James Brisbin, aliyekuwa akiiunda ile ya 5, alikuwamo msafarani pia, na taarifa aliyoiandika baadaye ndiyo shahidi wetu mkubwa.

Kuhusu bunduki inabidi nikae kidogo. Kufikia mwaka 1864 wapanda farasi wengi wa Kaskazini walikuwa na bunduki fupi za kujazwa kwa nyuma, kitu unachoweza kukishughulikia ukiwa juu ya tandiko. Hawa walipewa Enfield, gobore la askari wa miguu lenye urefu wa karibu sentimita 140. Tazama kazi yake. Unatoa kifurushi cha karatasi kwenye mkoba, unakipasua kwa meno, unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia risasi, unachomoa mdeki, unashindilia, unaurudisha mdeki mahali pake, unavuta nyundo nusu, unabandika fataki, unavuta nyundo yote, ndipo unalenga. Aliyesimama imara ardhini, aliyefundishwa kwa miezi, hufyatua mara tatu kwa dakika. Sasa mweke juu ya farasi, hatamu mkononi, mtutu unagota shingo ya mnyama, na farasi mwenyewe hajazoezwa mlio wa risasi. Afande aliyeigawa silaha hiyo kwa wapanda farasi ama hakuwa na nyingine ghalani, ama hakutarajia kwamba watu hawa watapigana. Mimi naelekea kuamini yote mawili.

Wenzao hawakutarajia pia. Brisbin anaandika kwamba njia nzima askari wazungu waliwadhihaki weusi na maofisa wao: wanawavua kofia na kuzitupa, wanawaibia farasi, wanawaambia usoni kwamba hawataweza kupigana. Anaongeza kwamba hakumsikia askari mweusi hata mmoja akirudisha neno. Sentensi hiyo naisoma kwa tahadhari. Brisbin alikuwa akiipigia debe rejimenti yake kwa wakubwa, na askari mvumilivu anapendeza kwenye taarifa rasmi. Hata hivyo, anayetoka utumwani wiki chache zilizopita anajua vizuri gharama ya kumjibu mzungu mbele ya wenzake, na pengine ukimya ule ulikuwa na hesabu zake.

Jioni ya tarehe 1 Oktoba msafara ulikuwa umekaribia. Burbridge akapiga kambi badala ya kusonga mbele. Uamuzi huo mmoja uliwapa watu wa Kusini usiku mzima. Waliokuwa wakiilinda Saltville walikuwa wachache, wakiwamo wanamgambo wazee na vijana wadogo. Kufikia asubuhi ya tarehe 2 walikuwa wameingia wapiganaji wazoefu na idadi ikafika kama 2,800, wamejichimbia kwenye miinuko.

Askari weusi waliwekwa kushoto kabisa mwa brigedi ya Kanali Robert Ratliff: wao kushoto, wapanda farasi wa 12 wa Ohio katikati, wa 11 wa Michigan kulia. Wote walishuka kwenye farasi. Mia moja kati ya wale 600 walikuwa wamebaki njiani, wagonjwa au farasi wao wamechoka. Mia nyingine waliachwa bondeni kushika farasi. Waliopanda mlima ni 400. Adui alikuwa nusu ya mteremko, nyuma ya kuta za magogo na mawe zilizofika kimo cha mapaja. Walipanda kwa hatua, wakipigwa, mpaka wakabakiza yadi 50. Hapo Wade akatoa amri, na mstari mzima ukaruka kwa kelele ukaingia ndani ya boma. Walilitwaa. Walilishikilia zaidi ya saa mbili, na jioni ilipoingia mikoba yao ilikuwa karibu tupu. Gobore walilolaaniwa nalo juu ya farasi lilikuwa, kwa miguu, silaha nzuri tu.

Kati ya 400, Brisbin anahesabu askari 114 na maofisa 4 waliouawa au kujeruhiwa. Zaidi ya robo. Akaandika kwamba amewaona askari wazungu wakipigana katika vita 27 na hajaona waliopigana vizuri zaidi, na kwamba wakati wa kurudi wale waliokuwa wakidhihaki walikuwa kimya.

Kurudi kwenyewe ndiko kulikozaa balaa. Risasi zikiwa zimepungua, Burbridge aliamua kuondoka usiku uleule, mioto ya kambi ikiachwa inawaka ili adui asijue. Hapakuwa na gari hata moja la kubebea majeruhi. Majeruhi wengi weusi walipanda farasi hivyohivyo, kwa sababu walijua kitakachowapata. Mwezi Aprili mwaka huo askari weusi waliojisalimisha Fort Pillow, Tennessee, walikuwa wameuawa kwa wingi, na habari ilienea katika kila kambi. Brisbin alimwona mmoja anaendesha farasi mkono wake umekatika, mwingine amepigwa risasi ya mapafu, mwingine risasi imempita nyonga zote mbili. Hebu fikiria tandiko la farasi na nyonga zilizotobolewa, njia ya milimani, usiku. Ambao hawakuweza hata hivyo waliachwa mlimani.

Yaliyotokea asubuhi ya tarehe 3 hatuyajui kutoka kwa Kaskazini, kwa kuwa Kaskazini ilikuwa imeshaondoka, isipokuwa madaktari wachache waliobaki na majeruhi. Tunayajua kutoka kwa watu wa Kusini wenyewe, na hilo ndilo linalonifanya nisikubali kuitwa kwa kisa hiki propaganda. Edward Guerrant, ofisa wa brigedi ya Kanali Henry Giltner, aliandika katika shajara yake kwamba milio ya bunduki ilikuwa ikiendelea kuwamaliza weusi ambao bahati mbaya yao ni kutokufa jana, na kwamba watu wao hawakuchukua mateka mweusi. Kijana mwingine wa upande huohuo, George Mosgrove, alidhani vita vimeanza tena. Kulikuwa na ukungu. Aliufuata mlio, akawakuta watu wa Tennessee wakipita mlimani na kupiga kila majeruhi mweusi waliyemwona. Akaingia kibanda cha magogo. Ndani kulikuwa na weusi saba au wanane wenye majeraha madogo, wamesimama migongo ukutani. Mlangoni akatokea mvulana asiyezidi miaka 16, bastola mbili mikononi. Mosgrove alimwambia angoje kwanza atoke. Alipotoka, yule mvulana akawapiga wote.

Mosgrove aliyasimulia hayo miaka 30 baadaye, na kumbukumbu ya miaka 30 ina mianya yake. Lakini angalia anachokiri: kwamba aliomba muda wa kujiondoa yeye, si wa kuwaokoa waliomo. Mtu anayetunga hadithi hujipa nafasi nzuri zaidi ya hiyo. Anasema pia kwamba Jenerali John Breckinridge wa jeshi la Kusini, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kabla ya vita, alifika amewaka hasira na kuamuru mauaji yakome.

Hayakukoma kabisa. Daktari William Gardner, aliyebaki na majeruhi wa Kaskazini, alitoa taarifa mwezi huohuo: asubuhi ya tarehe 3 watu wenye silaha walikuja hospitali ya uwanjani, wakawatoa majeruhi watano weusi na kuwapiga risasi. Walionusurika walihamishiwa Chuo cha Emory & Henry, kilichogeuzwa hospitali. Usiku wa tarehe 7 watu wenye silaha waliingia wakawaua weusi wawili vitandani mwao. Kesho yake alikuja Champ Ferguson, mpiganaji wa msituni kutoka mpakani mwa Kentucky na Tennessee, akamuua Luteni Elza Smith, mzungu wa Kentucky aliyekuwa na kisasi naye.

Sasa hesabu. Ushahidi wa Gardner peke yake unatupa watu saba weusi. Kibanda cha Mosgrove kinaongeza saba au wanane, ila hatuwezi kusema kama baadhi yao si walewale. Guerrant anasema "wengi" bila tarakimu, na anawaunganisha waliouawa siku ya vita na siku ya pili. Watafiti waliochambua madaftari ya majina wamegawanyika vibaya: yupo aliyepata watano wa hakika na labda zaidi ya kumi, yupo aliyefika 46, na wapo walioandika zaidi ya mia.

Wa mia nadhani wamechanganya maiti za mapigano na za mauaji. Ukimwondoa kila aliyekufa akishambulia boma, mia haipatikani kirahisi. Ila wa watano wana kosa ambalo mimi naliona kubwa zaidi, nalo ndilo linaloturudisha kwenye siku 22. Wanahesabu waliomo daftarini. Kikosi kilichokwenda Saltville kilikuwa mkusanyiko wa watu wa rejimenti mbili, wengine wapya kabisa, na ile ya 5 yenyewe iliandikwa rasmi wiki tatu baada ya vita. Karani aliyekaa Camp Nelson tarehe 24 Oktoba akipanga majina katika kombania alikuwa akiwaandika zaidi waliorudi. Kwa ambaye hakurudi aliandika "hayupo", na "hayupo" wa Saltville anaweza kuwa maiti, mateka, au mtu aliyepotea njia milimani akajitokeza baadaye. Tarakimu ya 46 ndiyo inayonikaa zaidi akilini, bila ya kuiapia.

Na karatasi ile haikuwa ya kuwahesabu wafu tu. Mwezi Novemba, Camp Nelson, Jenerali Speed Fry aliamuru wanawake na watoto wapatao 400, familia za askari, watolewe kambini katika baridi kali, 102 walikufa. Kelele zilizofuata zilichangia kuzaa sheria ya tarehe 3 Machi 1865, iliyowaweka huru wake na watoto wa mtu yeyote ambaye "amepokewa" au "atapokewa" katika utumishi wa jeshi. Soma tena maneno hayo ukiwa mjane wa Kentucky. Uhuru wako unategemea jina la mumeo kuwemo daftarini. Sheria ya pensheni ya mwaka 1864 ilikuwa imekwishakubali kwamba ndoa ya kitumwa haina cheti na kwamba mashahidi wanaweza kuapa kuwa wawili hawa waliishi kama mume na mke. Ndoa ilipata mbadala wa karatasi. Askari hakupata.

Rejimenti yenyewe haikukaa kulia. Desemba 1864 ilirudi Saltville katika msafara wa Jenerali George Stoneman, na safari hii, tarehe 20 na 21, mji ukaangukia mikononi mwao. Masufuria yalivunjwa, na visima vikajazwa risasi za mizinga na vyuma vya reli. Tarehe 25 Januari 1865 watu wapatao 80 wa Kombania E walikuwa wakiswaga ng'ombe kama 900 kwenda Louisville. Karibu na Simpsonville wapiganaji wa msituni wasiozidi ishirini wakawavamia kwa nyuma. Enfield zilezile, theluji, mikono iliyoganda. Askari 22 waliuawa, na wauaji hawakupoteza mtu. Baada ya vita rejimenti ilipelekwa Arkansas, ikavunjwa Machi 1866. Utumwa wa Kentucky ulikuwa umefutwa miezi mitatu tu kabla, kwa Marekebisho ya 13 ya katiba. Bunge la Kentucky lenyewe liliyaridhia mwaka 1976.

Waliowajibishwa je? Ferguson alikamatwa, akashitakiwa Nashville kwa mauaji ya watu 53, akanyongwa tarehe 20 Oktoba 1865. Lakini asubuhi ile ya ukungu mlimani haikuwa yake peke yake. Breckinridge aliona hivyo: alimwandikia Jenerali Robert E. Lee, kamanda wake wa Kusini, kwamba mauaji yametendeka na kwamba Brigedia Jenerali Felix Robertson wa Texas anahusika. Lee alijibu kupitia ofisa wake kwamba amehuzunika kusikia jenerali wa jeshi lake ametuhumiwa kwa kosa kama hilo, na akaagiza mashitaka yafunguliwe. Robertson alikuwa ameshaondoka na watu wake kwenda Georgia, ambako alijeruhiwa vibaya Novemba. Mashitaka hayakufunguliwa. Alirudi Texas, akawa mwanasheria huko Waco, na alipofariki mwaka 1928 alikuwa ndiye jenerali wa mwisho wa jeshi la Kusini aliyekuwa bado hai.